Mazoezi Ndiyo Huduma: Armand Diangienda na Okestra Yake ya Kinshasa



Mada niliyopewa katika kikao hiki cha walimu wa kwaya na viongozi wa bendi ni kazi ya mwongoza okestra na mchango wake kwa jamii. Wengi wetu tukiisikia huigawa papo hapo. Upande mmoja tunaweka fani: kijiti, nota, jukwaa, makofi. Upande wa pili tunaweka huduma: kutembelea shule, kuchangia yatima, kupiga muziki hospitalini wakati wa sikukuu. Naukataa mgawanyo huo tangu mwanzo. Nitamchukua mtu mmoja, Armand Diangienda wa Kinshasa, aliyeanzisha Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu mwaka 1994, na nitajaribu kuonyesha kwamba kwake mazoezi yenyewe ndiyo huduma. Mazoezi yakilegea, hakuna tendo lingine la hisani linaloweza kuziba pengo hilo.

Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba ambaye serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilimkamata mwaka 1921 na kumhukumu kifo. Mfalme Albert aliigeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu alikaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1951 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kanisa lililotokana na mahubiri yake lilitambuliwa na serikali mwaka 1959, na mwaka 1969 likapokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Historia hiyo inaeleza okestra ilikopata watu wake. Waumini wa Kimbangu ni watu wa muziki kwelikweli. Wana kwaya, wana bendi za shaba, wana vikundi vya wapiga filimbi, na wana nyimbo ambazo wanaamini huwajia waimbaji kwa ufunuo. Kijana aliyekulia humo amezoea kupanga mstari, kuvaa sare, kufika kwa saa na kumtazama kiongozi. Kwa hiyo Diangienda hakuanza na watu wasiojua kitu. Alichokosa ni fidla, viola, sello na kontrabasi, ala za nyuzi ambazo ndizo mwili wa okestra, pamoja na walimu wa kuzifundisha.

Yeye mwenyewe alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi hiyo aliugeukia muziki kwa nguvu zake zote, bila kupita chuo chochote cha uongozaji. Alijifundisha kusoma nota na kupiga ala zaidi ya moja. Tukumbuke pia Kinshasa ya wakati ule ilikuwaje. Mji ulikuwa umeporwa mara mbili, mwaka 1991 na 1993, askari wasiolipwa wakiwa mstari wa mbele. Fedha ilikuwa inapoteza thamani kila siku. Mwaka 1996 ikaja vita iliyomwondoa Rais Mobutu, na mwaka 1998 nyingine. Katika hali hiyo mtu anawaambia majirani zake waje jioni wajifunze fidla.

Fidla zenyewe zilikuwa chache kuliko wanafunzi, kwa hiyo walipokezana. Mmoja anapiga kwa dakika chache, anamkabidhi mwenzake, anakaa kusubiri. Uzi ukikatika na duka la nyuzi halipo, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Wageni wengi waliosimulia habari za okestra hii huishia hapo kwenye waya wa baiskeli, kwa sababu unashangaza. Mimi kama mwalimu navutiwa zaidi na ule upokezanaji. Kijana asiye na fidla mkononi bado yuko darasani. Anamsikiliza mwenzake akikosea, anahesabu mapigo, anaona kidole kilipopaswa kukaa na kilipokaa. Kusikiliza huko ndiko kunakomfanya mtu awe mwanaokestra, na katika kwaya zetu, ambako kila mtu ana sauti yake kooni, tunakuruka kabisa. Sauti ya tatu inapofundishwa, sauti ya kwanza inapiga soga.

Kontrabasi ndiyo ilikuwa taabu kubwa zaidi, maana ni ala inayozidi urefu wa mtu na bei yake haishikiki. Albert Matubanza, mmoja wa watu wa okestra, alifungua iliyokuwepo, akapima vipande vyake, akaunda nyingine kwa mbao alizozipata mjini. Fikirini kazi iliyomo humo. Ubao wa mbele lazima uwe mwembamba kiasi cha kutetema, lakini ubebe mvuto wa nyuzi nne nene. Ndani kuna kijiti kidogo kilichosimamishwa kati ya ubao wa mbele na wa nyuma, nacho kikisogea kidogo tu sauti inakufa. Shingo ikipinda, nota zote za juu zinapotea.

Sasa iwekeni kontrabasi hiyo ndani ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, kazi iliyopigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824 na ambayo okestra ya Kinshasa imeifanya kuwa yake. Katika sehemu ya nne, ule wimbo wa furaha ambao karibu kila mtu anaujua hauanzwi na kwaya, wala hauanzwi na fidla. Unaanzwa na sello na kontrabasi peke yake, kwa sauti ya chini sana, bila ala nyingine yoyote ya kuzisindikiza. Kila kosa linasikika. Kwaya inakuja baadaye kujenga juu ya msingi huo. Mwongozaji asiyejiamini angewaficha wapiga kontrabasi wake katika kazi za kelele. Diangienda alichagua kazi inayowaweka mbele, na kwa uchaguzi huo aliwaambia kwamba anawahesabu kuwa wanamuziki kamili.

Hapa niseme neno kuhusu mkono wa mwongozaji, maana wengi wetu tumejifunza kwa kuiga. Mkono wa kulia unabeba mapigo, wa kushoto unaita sauti ziingie na kuzipandisha au kuzishusha. Lakini kazi kubwa inafanyika kabla ya sauti ya kwanza, katika ile pumzi moja ya maandalizi. Humo mna kasi ya wimbo, nguvu yake na hata tabia yake. Anayeinua mkono kwa pupa anapata mwanzo wa pupa, hata akiwa ameeleza kwa mdomo dakika kumi. Kuna watakaoniuliza mtu huyu wa mbele ni wa nini, ilhali vikundi vyetu vya taarabu asilia, kama Ikhwani Safaa cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, hupiga fidla, ganuni, udi na akodiani bila mtu wa kupunga kijiti. Jibu langu ni kwamba taarabu hupigwa na watu waliokaa karibu wanaofuata mkondo mmoja wa wimbo, na mpiga ala mwenye uzoefu huwabeba wengine. Simfoni ina mistari ishirini au zaidi inayokwenda kwa wakati mmoja, mingine imenyamaza kwa dakika nzima kabla ya kuingia kwa nota moja. Mtu mmoja lazima aione yote.

Na aione akiwa nyumbani, kabla ya mazoezi. Mwongozaji anayesoma nota zake mbele ya watu waliochoka na kazi za mchana anawaibia muda. Watu wa Diangienda hufika jioni, wengi kwa miguu au kwa magari ya abiria yaliyojaa, baada ya siku nzima ya kutafuta riziki. Miongoni mwao, kama ilivyotuonyesha filamu ya mwaka 2010 nitakayoitaja baadaye, kuna mama mpiga sello ambaye alfajiri yuko sokoni akikaanga mayai ya kuuza. Kuna mpiga viola ambaye ni fundi umeme na pia kinyozi. Umeme unapokatika katikati ya mazoezi, na Kinshasa hukatika mno, wapigaji wanaendelea gizani kadiri kumbukumbu inavyowaruhusu, naye fundi huyo anaweka viola yake chini, anakwenda kushughulikia nyaya, kisha anarudi kitini.

Naomba msiichukue picha hiyo kama kichekesho cha umaskini. Itazameni kama mpango wa kazi. Okestra ya karibu watu 200, wapigaji na waimbaji, inaendeshwa na ujuzi uliomo ndani yake: seremala wake, fundi umeme wake, washonaji wake wa sare, walimu wake. Aliyeanza mapema humfundisha aliyekuja jana. Katika kwaya zetu mara ngapi tumekodi fundi wa vipaza sauti kwa fedha ya kukopa, na kumbe yuko ndani ya besi, hajaulizwa?

Waimbaji nao walikuwa na mlima wao. Maneno ya Simfoni ya Tisa ni shairi la Schiller la Kijerumani. Mtu aliyekua na Kilingala, kama sisi tuliokua na Kiswahili, amezoea silabi inayoishia kwa irabu. Kijerumani kinamrundikia konsonanti tatu au nne mwishoni mwa neno, kisha mwongozaji anataka waimbaji wote wazitamke kwa nukta ileile ya wakati. Njia ni moja tu: polepole, neno kwa neno, kwanza kwa kusema bila wimbo, kisha kwa kusema katika mapigo, ndipo wimbo uje. Wanakwaya wa Kinshasa wameipita njia hiyo. Nawaambia hili walimu wanaofundisha nyimbo za Kilatini kwa kusema "fuateni mimi tu".

Dunia iliwasikia kwa upana mwaka 2010, filamu ya Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, iitwayo Kinshasa Symphony, ilipoonyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin. Televisheni za Marekani zikafuata. Mwaka 2013 Diangienda alifanywa mwanachama wa heshima wa Royal Philharmonic Society ya London, na mwaka 2014 okestra ikaenda kupiga Uingereza. Heshima hizo ni haki yake. Ila kuna sifa ambayo inaniumiza kila ninapoisoma, ile inayosema wanapiga vizuri "kwa watu wa mahali kama pale". Sifa hiyo haisikilizi fidla zimepanda au zimeshuka, wala haitaji kwamba Diangienda ni mtunzi pia mwenye kazi zake za okestra. Kumheshimu mwanamuziki ni kumsikiliza kwa kipimo kilekile anachosikilizwa nacho mwingine, na kumwambia bila kumung'unya kwamba tarumbeta ziliingia mapema. Kocha wa kweli wa vijana wa mtaani hawapi magoli ya bure. Ndivyo ninavyotaka na sisi tuwasikilize vijana wa Korogocho, Nairobi, wanaojifunza ala katika mpango wa Ghetto Classics kando ya jalala la Dandora.

Suala la fedha siwezi kulikwepa. Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa José Antonio Abreu, mchumi na mwanamuziki wa Venezuela, aliyeanza mwaka 1975 jijini Caracas na vijana 11 katika gereji, akajenga mtandao wa okestra za watoto uliosambaa nchi nzima. Humo alitoka Gustavo Dudamel, aliyeshika uongozi wa okestra ya Los Angeles mwaka 2009. Abreu aliiomba serikali, na serikali baada ya serikali zilimpa. Kwa fedha hiyo watoto wengi mno walipata ala na walimu. Lakini mwaka 2017, kijana mmoja wa mtandao huo alipouawa katika maandamano na Dudamel akamkosoa Rais Maduro hadharani, haukupita muda safari ya okestra ya vijana ya taifa kwenda Marekani ikafutwa. Kinshasa ilianza kwa njia nyingine, kwa sadaka, michango na jasho la wanachama, na gharama yake ilikuwa kwenda polepole na kuvumilia ala mbovu kwa miaka mingi. Sidharau fedha ya serikali, maana ala ni ghali na mwalimu lazima ale. Ninachoshauri ni kwamba kikundi kiwe kimekwisha kusimama, kina siku zake za mazoezi na daftari lake la mali, kabla ya kubisha hodi ofisini. Anayefika na okestra inayopiga huzungumza tofauti na anayefika na andiko la mradi.

Kuna jambo moja katika mfano wa Kinshasa ambalo nalitazama kwa wasiwasi. Okestra ile imejengwa juu ya mtu mmoja: jina lake, ukoo wake, subira yake. Watu wa namna hiyo hawaji kila mwaka, na kwaya zetu nyingi tumeziona zikisambaratika mwezi mmoja baada ya mwalimu kuhamishiwa kituo kingine cha kazi. Msaidizi wa mwongozaji kwetu huachiwa kupasha sauti moto na kuhesabu mahudhurio, na siku ya tamasha anarudi kuimba tena. Napendekeza kikao hiki kijadili yafuatayo kwa uzito: kila kwaya na kila bendi iwe na mwongozaji wa pili mwenye nakala kamili ya nota, si ya sauti moja, apewe kazi nzima aiandae tangu siku ya kwanza, sehemu ngumu zikiwemo, na siku ya onyesho aiongoze yeye mbele ya watu, mwalimu mkuu akiwa amekaa miongoni mwa besi, amefungua nota zake, akimtazama.