MFALME, WAASI NA NENO LILILOFICHWA

(Hotuba kwa wasikilizaji wa Changamwe, Likoni na Kisauni)



Yapata mwaka 1597, kuta za Ngome ya Yesu kisiwani Mombasa zilipokuwa bado mpya, William Shakespeare aliandika mchezo wa Mfalme Henry wa Nne, Sehemu ya Kwanza.

Henry alimwondoa Richard wa Pili katika kiti cha enzi mwaka 1399, akisaidiwa na jamaa ya Percy. Baadaye hao hao waliomtukuza waliona wamedharauliwa, wakaasi. Katika mchezo huo, kabla ya vita vya Shrewsbury vya mwaka 1403, mfalme aliahidi kuwasamehe wote iwapo wataweka silaha chini. Mjumbe wao Worcester akaihofia nafsi yake; akamficha Hotspur, mtoto wa nduguye, habari ya msamaha ule. Siku ile ile Hotspur akauawa vitani, na Worcester naye akahukumiwa kufa.

Pwani yetu nayo ina kisa chake. Mwaka 1614 Mfalme Hasan wa Mombasa, baada ya kugombana na jemadari wa Kireno, alikimbilia bara, akauawa huko. Mwanawe Yusuf alilelewa na mapadre huko Goa, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala. Maandishi ya Wareno yasimulia ya kwamba mtu alimchongea kwa jemadari, kuwa huenda kaburini kwa babake kumwombea kwa desturi ya Kiislamu. Tarehe 16 Agosti, 1631, Yusuf aliingia ngomeni, akamwua jemadari. Wareno wengi wakauawa, pamoja na wanawake na watoto, na Waafrika Wakristo pia. Mwaka uliofuata Yusuf akauacha mji, akashika njia ya bahari, asiirudie tena enzi yake.

Wafalme hao wawili walikuwa na makosa yao, na waasi pia. Lakini tuwatazame na wachukuzi wa maneno. Mmoja alificha neno la amani. Mwingine alipeleka neno la shari. Basi karani, mzee wa mtaa na kila afasiriye maneno barazani na ajue uzito wa amana aliyopewa.

Wahenga walisema, mjumbe hauawi. Heshima hiyo ina deni lake: mjumbe naye asiue watu kwa ulimi wake.