Nchi Jirani: Ufadhili wa Masomo na Deni Lililomo

Mwezi Mei 2023, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza utaratibu mpya wa kugharamia masomo ya vyuo vikuu. Wazazi wengi wa nchi hiyo jirani walisikia neno "ufadhili" wakadhani mzigo umetuliwa. Kumbe ndani ya barua moja mlikuwamo fedha za namna tatu.

Namna ya kwanza ni ufadhili wenyewe, ambao Serikali hutoa na hairudishiwi. Ya pili ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao mhitimu hulipa pamoja na riba. Ya tatu hutoka mfukoni mwa mzazi. Familia ziligawanywa katika madaraja 5 kwa kadiri ya kipato. Daraja la chini kabisa lilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25 na mchango wa mzazi 5. Daraja la juu lilipangiwa ufadhili 30, mkopo 30, na mzazi 40.

Chukua masomo yenye gharama ya shilingi 300,000 za Kenya kwa mwaka. Mzazi wa daraja la chini atatoa 15,000, na wa daraja la juu 120,000. Lakini hata mtoto wa kabwela, anayeitwa mfadhiliwa, atakopa 75,000. Kwa miaka minne deni hilo hufika 300,000, riba ikiwa bado.

Ugomvi mkubwa ulizuka juu ya upimaji. Mwaka 2024 wanafunzi walilalamika kwamba watoto wa maskini wamewekwa pamoja na wa matajiri. Hapo askari ataelewa upesi: mshahara wake hujulikana hadi senti ya mwisho, ilhali yatima wa marehemu ndugu yake anaowalisha hawamo katika hati ya mshahara. Tarehe 20 Desemba 2024, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitamka kwamba utaratibu huo unakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa.

Kwa upande wa Tanzania, Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, huwalipia bila marejesho waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Wanaosoma kwa mkopo wana njia nyingine: sheria ya mwaka 2016 iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mhitimu aliyevaa sare hakusamehewa.