Sindano Iliyolemaza Mguu: Mgonjwa na Haki ya Kudai Fidia



Ndugu wenyeviti wa vigango, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, akina mama wa WAWATA, na ninyi nyote wapendwa mliokusanyika hapa. Jambo tulilopangiwa leo si la kupendeza, wala halijazoeleka katika mikutano yetu. Tutazungumza juu ya mtu anayekwenda kutibiwa ugonjwa mmoja, akarudi nyumbani na ulemavu ambao hakwenda nao. Tutauliza ni nani anayewiwa kumlipa, kwa njia gani, na kwa nini wengi wetu hunyamaza mpaka muda wa kudai unakwisha.

Tumechagua mfano mmoja tu, ambao kila mmoja wenu anaufahamu hata kama hajapata kuupa jina: sindano ya makalio.

Katika kila kalio la mwanadamu hupita mshipa wa fahamu mkubwa kuliko yote mwilini. Hutoka katika uti wa mgongo sehemu ya kiunoni, hushuka nyuma ya paja, na matawi yake hufika hadi vidole vya mguu. Waganga huuita neva ya siatiki. Kwa mtu mzima mwenye mwili, neva hiyo hufichwa na nyama nene. Kwa mtoto wa miaka mitatu aliyedhoofishwa na homa, nyama hiyo ni chache mno, na ncha ya sindano yaweza kuifikia bila taabu. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuligawa kalio mafungu manne na kuchoma fungu la juu upande wa nje. Na kwa watoto wadogo hufundishwa kuliacha kalio kabisa na kuchoma paja upande wa mbele. Dawa yenyewe nayo ina sehemu yake katika madhara haya. Kwinini, iliyochomwa kwa miaka mingi katika zahanati zetu, ni kali kwa nyama na kwa neva. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa sindano ya atesuneti badala ya kwinini. Hata hivyo waliolemazwa zamani wangali pamoja nasi, na dawa nyingine za maumivu, kama vile diklofenaki, zinaendelea kuchomwa makalioni.

Dalili zake yafaa zijulikane na kila mzazi. Mara nyingi maumivu huja papo hapo, yakishuka kama moto hadi kwenye wayo, na mtoto hulia kilio kisicho cha kawaida ya sindano. Siku hiyo hiyo au siku chache baadaye wayo huning'inia. Mtoto akitembea huuburuta au huinua goti juu kupita kiasi ili vidole visikwaruze chini. Ngozi ya wayo hupoteza hisia. Neva iliyojeruhiwa, ikiwa haikuharibika kabisa, huota upya kwa kasi ya milimita moja hivi kwa siku. Basi kutoka kalioni hadi wayoni ni safari ya mwaka na zaidi, na kwa mtu mzima yaweza kuwa miaka. Katika muda huo wote mguu wahitaji mazoezi ya viungo na kifaa cha kuushikilia wayo, la sivyo misuli hukauka na kifundo hukakamaa, hata neva ikirudi isiwe na cha kuamsha.

Hapa tunasimama kidogo, kwa maana hapa ndipo dhuluma ya pili huanzia. Asipoelezwa na yeyote kwamba ni sindano, mama hutafuta maelezo mwenyewe. Ataambiwa ni polio. Au ataambiwa kuna mkono wa mtu, na bibi kizee wa jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka hamsini jikoni, atatajwa. Tunafahamu sote katika nchi yetu ni wazee wangapi wameumizwa na kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mganga anayeficha kosa lake huenda asijue kwamba ukimya wake utatua juu ya kichwa cha mtu asiyehusika hata kidogo. Kuhusu polio, upo utaratibu wa kuondoa shaka: kila mtoto aliye chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, kituo cha afya chapaswa kutoa taarifa na kuchukua choo mara mbili, kwa kuacha saa 24 au zaidi kati ya mara moja na nyingine, ndani ya siku 14 tangu kulegea, ili kipimwe. Daini kipimo hicho. Ni kinga kwa watoto wengine wa kijiji, na majibu yake yaweza kuwa ushahidi mkubwa baadaye.

Sasa tuje kwenye sheria. Si kila dhara ni kosa. Muuguzi aweza kufuata yote aliyofundishwa na bado mgonjwa akaumia, na mtu wa namna hiyo si haki kumburuza mahakamani. Sheria yetu ya uzembe, tuliyoirithi kwa Waingereza, humtaka mdai athibitishe kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja wajibu huo, kwamba mdai amepata madhara, na kwamba madhara hayo yalisababishwa na uvunjaji huo. Kipimo cha wajibu kiliwekwa katika kesi ya Bolam, Uingereza, mwaka 1957: mganga hahukumiwi kwa kutofanya miujiza, bali kwa kushindwa kufikia kiwango ambacho kundi la waganga wenye ujuzi wa kazi hiyo wangekikubali. Kumchoma mtoto mdogo mahali ambapo kila kitabu cha uuguzi chakataza ni jambo gumu kulitetea kwa kipimo hicho.

Lakini mkulima atathibitishaje kilichotendeka nyuma ya pazia? Yapo mafundisho mazuri katika kesi ya Cassidy ya mwaka 1951, nayo ya Uingereza. Mtu aliingia hospitali kwa sababu ya vidole viwili vilivyojikunja. Baada ya upasuaji na kufungwa bandeji siku nyingi, alitoka mkono mzima ukiwa haufai. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hali kama hiyo huitaka hospitali ijieleze yenyewe, na kwamba hospitali hujibu kwa makosa ya watumishi wake, bila mgonjwa kulazimika kumtambua ni yupi kati yao aliyekosea. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, ila husomwa kwa heshima.

Kuna milango zaidi ya mmoja. Malalamiko juu ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na juu ya muuguzi hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya yana uwezo wa kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kumfuta katika daftari la taaluma. Fedha hayatoi. Mwenye kutaka fidia sharti aelewane na hospitali au aende mahakamani, na huko saa imekwisha kuanza kuhesabu: madai ya uzembe yana miaka mitatu tu. Mtoto amelindwa, muda wake hauanzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18, na kabla ya hapo mzazi au mlezi aweza kudai kwa niaba yake. Lakini tusijifariji mno na hilo. Miaka kumi na mitano ikipita, kadi imeliwa na mchwa, muuguzi amehamishwa mara nne, na daktari aliyeona wayo ukining'inia amefariki.

Kama zahanati ni ya serikali, kuna sharti jingine. Kwanza itolewe notisi ya siku 90 kwa maandishi, ikieleza msingi wa madai, na nakala ipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, sharti hili lahusu pia halmashauri za wilaya na miji, ambazo ndizo zenye zahanati nyingi za vijijini. Mwanasheria Mkuu huunganishwa katika shauri, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Madai ya haki kabisa yanaweza kutupwa kwa kukosa barua hiyo moja. Kwa ajili hiyo hatuwashauri mwende peke yenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na kuweka utaratibu wa wasio na uwezo kusaidiwa bure. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa kanuni. Mama aweza kuufuata mwenendo wa kesi ya mwanawe.

Mahakama hutofautisha fidia za aina mbili. Gharama zilizokwisha kutumika sharti zitajwe moja moja na kuthibitishwa: nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, dawa, kiatu maalumu, siku za kibarua zilizopotea. Bila stakabadhi, fedha hiyo mara nyingi hupotea. Maumivu, ulemavu na maisha yaliyopungua hukadiriwa na hakimu au jaji mwenyewe. Hivyo tunawasihi: kila karatasi ihifadhiwe, hata tiketi ya basi. Ombeni kwa maandishi nakala ya kumbukumbu za matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inampa mtu haki ya kufikia taarifa zinazomhusu. Mpelekeni mgonjwa mapema kwa daktari mwingine aandike alichokiona, na pakiwezekana afanyiwe kipimo cha umeme wa neva, ambacho huonyesha ni neva ipi imeumia na kwa kiasi gani.

Tunajua swali mnalolishika moyoni. Je, ikiwa hospitali ni yetu, ya jimbo? Kanisa lina zahanati na hospitali nyingi, nyingine zikiwa hospitali teule za wilaya, ambamo watumishi wengine hulipwa mshahara na serikali. Wapo waamini wanaoona kwamba kumdai sista ni kumdai Mungu. Twasema waziwazi: sivyo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka aliyemjeruhi mwenzake amlipe kwa muda alioupoteza na agharimie uponyaji wake hadi apone. Na huyo hakuwa amekusudia kuua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo yafundisha, katika namba 2487, kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli hudai malipizi hata pale mkosaji alipokwisha kusamehewa. Mama aweza kumsamehe muuguzi asubuhi na kupeleka barua ya madai mchana, bila kuvunja amri yoyote. Hospitali ya Kanisa inayomwambia mama mwenye mtoto kilema "mwachie Mungu" inamtumia Mungu kama wakili wa utetezi.

Kwa upande mwingine, hospitali ikikiri mapema, ikamtibu mtoto bure kwa miaka inayohitajika na kukubaliana juu ya kiasi cha fidia kwa maandishi, pande zote mbili zitaepuka gharama na uchungu mwingi. Makubaliano hayo yasisainiwe kabla ya msaidizi wa kisheria kuyasoma. Tumesikia juu ya familia kupewa gunia la mahindi na kutia dole gumba kwenye karatasi inayosema hawana madai tena.

Na tuseme neno kwa wazazi, ingawa si la kuwapunguzia wengine lawama. Sisi wenyewe tunazipenda mno sindano. Mganga akitoa vidonge twaona hatukutibiwa. Tunakwenda duka la dawa muhimu, mahali ambapo sindano haziruhusiwi, na kumwomba kijana wa dukani "atuchome kidogo". Mtoto akilemaa hapo, hata mkishinda kesi, mtalipwa na nani? Yule kijana hana kitu ila meza na kabati la kukodi.

Kuanzia juma lijalo, ofisi ya kamisheni itakuwa wazi kila Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Kila jumuiya iandike ni nani katika nyumba zake aliyelegea mguu au mkono baada ya kuchomwa sindano, mwaka gani, na kwa kituo cha nani: cha serikali, cha jimbo au cha mtu binafsi. Wenye jambo lililotokea ndani ya miaka mitatu waje kwanza, wakiwa na kadi na stakabadhi zao. Sasa tunapokea maswali. Tuanze na upande wa akina mama.