MABANGO YA MAZIWA YA KOPO NA UKIMYA WETU

(Mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya sala ya Alasiri, Unguja Mjini)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Wapo waliotushauri kabla ya kusimama hapa kwamba msikiti una mambo mazito zaidi kuliko makopo ya maziwa, na kwamba unyonyeshaji ni habari ya wanawake na madaktari. Tumewasikia. Lakini kitabu ambacho kimetaja sala na zaka ndicho hicho hicho kilichotaja kunyonyesha, na ndiyo maana tumeona tuzungumze.

Mwenye kutoka Darajani akashika njia ya Mkunazini atapita maduka mengi ya ndugu zetu. Katika duka moja, ambalo hatulitaji, tumeona bango lenye picha ya mtoto mnene anayecheka, kopo la maziwa limewekwa pembeni yake, na maneno ya kumfahamisha mzazi kuwa maziwa yale yanampa mtoto akili na nguvu. Chini yake pameandikwa kwa kalamu ya mkono kwamba anunuaye makopo mawili atapewa chupa ya kunyonyea bure. Wanawake watatu wenye mimba walikuwa wamesimama wakilisoma.

Allah (S.W.) katika aya ya 233 ya Suratul Baqara ameweka muda wa kunyonya kuwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kuutimiza. Aya hiyo hiyo imemtwika baba wajibu wa kumlisha na kumvisha mama kwa wema, kisha ikaruhusu mtoto kuachishwa ziwa kabla ya muda ikiwa wazazi wawili wameridhiana na kushauriana. Tuzingatie hapo: ni ridhaa na shauri la wazazi wawili. Mwenye bango hakutajwa katika shauri hilo.

Sasa tuingie katika kisa ambacho ndicho kilichotufanya tuvunje ukimya. Ibn Saad amepokea kwamba katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (R.A.) msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi kwenye uwanja wa kusalia. Umar akamchukua Abdurrahman bin Auf (R.A.) wakaulinda usiku ule. Wakiwa katika ulinzi na sala, Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Allah na amtendee wema mwanawe. Kilio kikarudi, naye akarudi na nasaha ile ile. Mwisho wa usiku mtoto akalia tena, na safari hii Umar akamkemea mama kwa ukali kuwa ni mama mbaya. Yule bibi, asiyejua anasema na nani, akajibu kwamba anamwachisha mtoto ziwa na mtoto hataki. Alipoulizwa sababu ya kumwachisha, akasema Umar hampangii posho mtoto ila aliyekwisha kuacha ziwa. Alipoulizwa umri wa mtoto, ikawa ni miezi tu.

Alfajiri ile Umar alisalisha watu hawakuweza kufahamu kisomo chake kwa wingi wa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu nafsi yake kwa watoto wa Kiislamu waliokufa kwa sababu ya amri yake. Kisha akamwamuru mnadi atangaze kuwa kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapangiwa posho, watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa. Na akawaandikia hivyo watawala wa miji.

Ndugu zetu, Umar (R.A.) alimlaumu mama mara tatu, na kosa halikuwa la mama. Sisi nasi tumekuwa hodari wa kuwalaumu mabinti zetu kwamba siku hizi hawataki kunyonyesha, wanaona uzungu, wanaogopa miili yao kuharibika. Nani kati yetu aliyeuliza kama Umar alivyouliza mwishowe: kwa nini?

Wasiokuwa Waislamu waliuliza zamani. Daktari Cicely Williams, mwanamke aliyewahi kufanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alisimama mbele ya klabu ya Rotary mjini Singapore mwaka 1939 akawaambia kwamba kueneza maneno ya kupotosha juu ya maziwa ya watoto ni sawa na kuua. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé kwa ajili ya namna maziwa hayo yalivyotangazwa katika nchi masikini. Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa hayo kwa kura 118, na nchi moja tu, Marekani, ikapinga. Kanuni hizo hazikukataza kopo kuuzwa. Zimekataza kulitangaza kwa umma, kumgaia mama kopo la kuonja, kupunguza bei au kutoa zawadi dukani ili kuvutia wanunuzi, na kuweka picha ya mtoto juu ya kopo. Kwa hiyo ile chupa ya bure tuliyoiona ina zaidi ya miaka arobaini tangu ikatazwe. Tanzania Bara iliweka kanuni zake 1994 na mpya 2013, Kenya ikatunga sheria 2012, na hapa kwetu tuna sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya 2006 pamoja na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao mlango wake uko wazi kwa mwenye malalamiko.

Madhara yake yanakujaje? Ziwa hutoa maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akishibishwa chupa wiki mbili, ziwa la mama hupungua, na hapo kopo halikuwa tena hiari. Kopo dogo la gramu 400 halimfikishi mtoto wa miezi mitatu wiki moja. Fedha zikipungua, mama huongeza maji na kupunguza unga, mtoto akaonekana amejaa tumbo kumbe ana njaa. Na maji yenyewe ndiyo haya tunayoyajua. Unga ule hautoki kiwandani bila vijidudu. Shirika la Afya Duniani linataka uchanganywe kwa maji yaliyochemshwa ambayo hayajapoa chini ya nyuzi 70. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pampu zilisimama na watu wakahangaika na madumu visimani. Mwaka 2015 na 2016 tukapata kipindupindu. Mtoto wa ziwa hahitaji dumu wala jiko.

Hatusemi kopo ni haramu. Yupo yatima, yupo mama mgonjwa, yupo ambaye daktari amemwelekeza. Hao wasinyooshewe kidole hata kwa jicho, na duka lililowawekea maziwa limewafaa. Sharia yetu pia ina njia ya mama wa kunyonyesha, ambayo tumeiacha ikasahaulika. Bali anayeishika ahifadhi hesabu na majina, kwani kwa Mashafii mtoto akinyonya mara tano udugu wa kunyonya umethibiti na ndoa imezuilika.

Vijana walitujia wakitaka kwenda kuyachana mabango. Tuliwazuia. Ghera yao ni njema, lakini kuondoa kwa mkono ni kwa mwenye mamlaka, na kuingia dukani kwa mtu ukaharibu mali yake ni munkari mwengine. Ulimi tunao, na huo hatukuwa tumeutumia.

Na hapa lazima tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Zulia tunalolikalia sasa hivi limetolewa na mfanyabiashara ambaye dukani kwake mlikuwa na bango kama lile. Katika kamati yetu palikuwa na mvutano. Baadhi yetu waliogopa kumvunja moyo, na futari za Ramadhani humtegemea. Tulikaa miezi miwili tukinyamaza, na hatuoni kuwa ule ulikuwa ni ukimya wa hekima.

Mwishowe walikwenda wazee wawili kwake baada ya Magharibi, faragha, bila ya kumtaja mbele za watu. Alishangaa. Alisema bango aliletewa na wakala wa jumla, hakulipa kitu wala hakulisoma, na mkewe amewanyonyesha watoto wao wote. Bango aliliondoa usiku ule ule. Chupa za bure amesema ameshazilipia, anaomba amalize katoni. Hapo hatukukubaliana naye bado.

Dada mmoja naye ametuletea kikaratasi kutoka nyuma ya pazia, nasi tumeona ni haki kukisoma maana yake: kwamba tunasema juu ya bango na hatusemi juu ya mume. Mwalimu wa skuli anarudi darasani, nyumbani hana msaidizi, mchana hapiki mtu, na mume akitaka kuonesha mapenzi hununua kopo. Aya ya 233 imempa baba kazi yake, na kikaratasi hicho kimetukumbusha nusu ya aya tuliyoipita kwa haraka. Akina baba, uji wa pilipili manga na supu ya pweza usiachiwe bibi mkwe peke yake, wala usimalizike siku ya arubaini.

Alkhamisi baada ya Magharibi tutarudi kwa yule ndugu yetu kwa ajili ya zile chupa. Wenye maduka mliomo humu, tunaomba mtutangulie.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.