Grisi ya Shafti Kabla ya Mteremko: Mazungumzo na Wahudumu wa Tuktuk za Mizigo, Subukia



Mikutano ya usalama barabarani mara nyingi huzungumzia kofia ngumu, leseni ya daraja la A3 na mwendo wa kasi. Hayo ni ya lazima na yataendelea kusemwa. Mazungumzo ya leo yanahusu kipande cha chuma ambacho wengi hawakiangalii mpaka kiwaachie njiani: shafti inayotoka kwenye gia hadi kwenye difu, pamoja na meno yake.

Bodaboda nyingi za abiria ni za cheni. Cheni ikilegea, mhudumu huiona na huisikia. Tuktuk ya mizigo ni mambo mengine. Nguvu ya injini hupitia kwenye shafti iliyolala chini ya bodi, imefunikwa na matope, na ni nani atakayeinama kuitazama ilhali viazi vinasubiriwa sokoni?

Shafti hiyo si chuma kimoja. Ni vipande viwili vinavyoingiana: kimoja ni bomba lenye mifereji kwa ndani, kingine kina meno kwa nje. Meno yakikaa ndani ya mifereji, vipande vyote viwili huzunguka pamoja, lakini bado vinaweza kuteleza mbele na nyuma. Kuteleza huko kuna sababu. Springi za nyuma zikibonyea kwa mzigo, au gurudumu likiingia shimoni, ekseli hupanda na kushuka, na umbali kati ya gia na difu hubadilika kidogo. Shafti isiyoweza kurefuka na kufupika ingesukumana na gia upande mmoja na difu upande mwingine, mpaka beringi zife. Kwenye ncha za shafti kuna krosi, ile yenye vikombe vinne vya beringi, inayoiwezesha kuzunguka huku imeinama.

Kwa hiyo meno hayo husuguana kila shimo na kila tuta, chombo kikiwa kimejaa. Grisi ikikauka, chuma hukutana na chuma. Dalili ya kwanza ni unga mwekundu wa kahawia, mfano wa ugoro, pale vipande vinapoingiana. Huo ni unga wa chuma na kutu, si udongo wa barabarani. Baada ya hapo huja mlio wa "ko!" mhudumu anapoachia klachi au anapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma. Halafu bodi huanza kutetemeka chombo kikishika kasi. Anayefika hapo na kusema "bado inavuta" anakopa siku.

Deni hilo hudaiwa mteremkoni. Barabara ya kutoka Nyahururu inaposhuka kuingia bonde la Subukia, mhudumu anayejua kazi yake huweka gia ya chini mapema ili injini isaidie breki. Wakati huo magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, na nguvu yote inapita kwenye yale meno, safari hii kwa upande wake wa pili. Meno yaliyoliwa yakikubali hapo, injini hubaki ikinguruma bila kushika chochote. Chombo chenye mzigo wa kabeji kinabaki na breki za dramu peke yake, na dramu zikipata moto mwingi hazishiki tena kama kawaida. Mlimani nako, shafti ikiachia, chombo hurudi nyuma kwa walio nyuma yake. Pia chombo kilichoegeshwa kwa gia tu, bila breki ya kuegeshea wala jiwe nyuma ya gurudumu, kinashikiliwa na meno hayohayo.

Kukagua hakuhitaji vifaa vya bei. Chombo kiwekwe mahali tambarare, injini izimwe, ufunguo utolewe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Mkono mmoja ushike bomba la shafti, wa pili ushike kile kipande chenye meno, kisha vizungushwe kwa kupingana. Vikicheza waziwazi, meno yameliwa. Krosi nayo ishikwe na kutikiswa juu na chini; ikigonga, beringi zake zimekwisha, na grisi haitazifufua.

Ikiwa shafti ina vichwa vidogo vya kupokea bomba la grisi, vifutwe kwanza kwa kitambaa. Kichwa kichafu kikipigwa grisi, mchanga huingia pamoja nayo, na mchanga ndani ya grisi ni msasa. Kwenye krosi, grisi isukumwe mpaka mpya ianze kutokeza kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikikataa, hicho ndicho kitakachokufa kwanza. Kwenye meno, inatosha grisi inapoanza kuonekana ukingoni. Kuendelea kupiga kwa nguvu kunaweza kuifungia grisi ndani ya bomba, na shafti ikashindwa kufupika springi zinapobonyea.

Shafti isiyo na vichwa hivyo hufunguliwa. Kabla ya kugusa bolti, fundi achore mstari mmoja kwa rangi, hata tipeksi au rangi ya kucha, upite juu ya vipande vyote viwili. Vikirudishwa jino moja pembeni, krosi za ncha mbili hazitakuwa sambamba, na chombo kitatetemeka ingawa kila kitu ni kipya. Mafundi wengi wazuri huruka hatua hii, kisha wiki nzima wanatafuta ugonjwa kwenye tairi. Meno yaoshwe kwa dizeli au mafuta ya taa, si petroli, yakaushwe, kisha yatazamwe juani. Yakiwa yamechongoka kama meno ya msumeno, au yana ngazi inayokwaza ukucha, shafti hiyo ibadilishwe. Yakiwa mazima, yapakwe grisi nyembamba kila mfereji. Grisi ya lithiamu yenye molibdeno, ile nyeusi, inafaa zaidi kwa meno yanayoteleza chini ya mzigo. Oili ya injini haifai: shafti ikizunguka huirusha nje yote.

Ni mara ngapi? Kitabu cha chombo ndicho cha kwanza kufuatwa. Lakini vingi viliandikwa kwa barabara nzuri kuliko zile za mashambani. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, kupiga grisi kila wiki si kuzidisha. Mashine ya maji ya presha, inayopendwa sana siku za Jumamosi, husukuma maji kupita mipira ya kuzuia uchafu. Grisi ipigwe baada ya kuosha, si kabla.

Wachache wenye pikipiki kubwa za shafti wasidhani wameachwa nje. Shafti kwenye pikipiki ni ya zamani: BMW R32 ya mwaka 1923 tayari ilikuwa nayo. Kwenye baadhi ya pikipiki za aina hiyo, gurudumu la nyuma lenyewe hushikana na difu kwa meno. Kila tairi inapotolewa, meno hayo yasafishwe na kupakwa grisi kabla ya gurudumu kurudishwa.

Chombo kikiwa bado kimesimama, bolti ya kukagulia mafuta ya difu ifunguliwe. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji, na yamwagwe yote. Bolti za shafti zirudishwe na washa zake za springi, zikazwe kwa kupishana, kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kabla ya kupanda Nyahururu.