Chakula cha Asili na Nyama ya Porini: Mama Aulize Nini?

Kama uko jikoni, usiache kupika kwa ajili yangu. Ongeza tu sauti ya redio kidogo, tuendelee pamoja.

Juma hili nina barua ya mama mmoja anayeishi Kitengela. Anauliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza, je, mboga zilizokuzwa bila dawa wala mbolea ya dukani ni bora kwa mtoto kuliko hizi tunazonunua sokoni? La pili, rafiki ya mumewe huwaletea nyama ya porini kwa bei nafuu, na wanaambiwa kwamba haina madhara yoyote, kwa sababu mnyama wa porini hadungwi sindano wala halishwi chakula cha dukani. Je, anaweza kumpa mtoto wake wa miaka miwili?

Nitaanza na swali la pili kwa sababu haliwezi kungoja. Jibu ni hapana. Usimpe mtoto, nawe mama usiile.

Kwanza kuna sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaongeza adhabu. Anayepatikana na nyama hiyo nyumbani anaweza kushtakiwa, hata kama yeye hakuwinda. Najua wako wenzetu, kama Waaweer wa Lamu na Waogiek wa msitu wa Mau, ambao kuwinda kulikuwa maisha yao tangu jadi, na marufuku hiyo iliwaumiza. Hilo ni jambo zito linalostahili kuzungumzwa kivyake. Lakini nyama inayofika mjini usiku ndani ya gunia si mila ya mtu yeyote. Hiyo ni biashara.

Tuje sasa kwenye afya. Ng'ombe anayechinjwa kichinjioni hukaguliwa akiwa hai, kisha nyama yake hukaguliwa tena na kupigwa muhuri. Mkaguzi huangalia maini, mapafu na tezi, akitafuta dalili za kifua kikuu, minyoo na magonjwa mengine. Swara aliyenaswa kwa waya hakuangaliwa na yeyote. Huenda alikaa kwenye mtego tangu jana. Huenda alikuwa mgonjwa, na kumbuka kwamba mnyama mgonjwa ndiye rahisi kukamatwa. Huenda hata alikuwa kibudu, mnyama aliyejifia mwenyewe, akaokotwa na kukatwakatwa vipande ili asitambulike.

Ugonjwa ninaouhofia zaidi ni kimeta. Vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi, na wanyama wala nyasi huvipata wanapolisha. Mwaka 2015 ugonjwa huu uliua zaidi ya nyati 100 katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Hebu fikiria kama nyama ya mmoja wao ingefika kwenye sufuria yako! Mtu huniambia, "Lakini mimi huichemsha sana." Vijidudu vya kimeta hujifunika kwa ganda gumu, na upishi wa kawaida wa nyumbani hauaminiki kuviua. Tena hatari huanza kabla ya kupika. Yule anayechuna, anayekata na anayeosha nyama anaweza kuambukizwa kupitia mchubuko mdogo tu mkononi. Na jikoni kwetu, mwenye kisu mkononi ni nani kama si mama?

Kama mtu wa nyumbani ameshika au amekula nyama ya aina hiyo, mwangalie vizuri. Kimeta cha ngozi huanza kama kipele kinachowasha, kisha huwa kidonda chenye weusi katikati na uvimbe pembeni, na mara nyingi hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, watu hukipuuza. Aliyekula anaweza kupata homa, maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara damu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ukweli kuhusu nyama ile. Usifiche kwa kuogopa polisi. Kimeta hutibika kwa dawa za viuavijasumu, mradi matibabu yaanze mapema.

Wala nisieleweke kwamba mnyama akifugwa basi nyama yake ni salama hivi hivi. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa mwaka 2006 hadi mwaka 2007, wengi waliougua walikuwa wamechinja au kushika mifugo yao wenyewe. Kwa hivyo ukinunua nyama buchani, uliza muhuri. Mwenye bucha akikasirika kwa swali hilo, nenda kwa jirani yake. Na kama nyama iliyokaguliwa ni ghali, mtoto atajengeka vizuri kwa mayai, omena, maharagwe, ndengu na kunde.

Barua hii ina neno moja lililonisumbua, nalo ni "asili". Tumezoea kuamini kwamba kitu kikiwa cha asili hakina madhara. La hasha! Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ambayo wengine huiita aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Mengi ya mahindi hayo hayakutoka ng'ambo, wala sumu ile haikuwa dawa ya kunyunyizia. Yalilimwa na familia zenyewe, yakavunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, kuvu ikaota. Sumu hiyo ni ya asili kabisa, na kupika hakuiondoi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu unga wa mahindi ndio uji wa mtoto. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Kabla ya kuyaweka, yajaribu hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha yaache yatulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Yaweke kwenye magunia yanayopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga, chagua moja moja. Punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye kuvu itupe. Usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu huweza kupita kwenye maziwa na kumrudia mtoto yule yule. Wanaokoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza sumu kiasi, lakini hawaimalizi.

Sasa nirudi kwa swali la kwanza, la mboga. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi. Hawakupata ushahidi wenye nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina lishe bora zaidi. Walichopata ni kwamba mabaki ya dawa za wadudu yalionekana kwa nadra zaidi kwenye vyakula hivyo. Hiyo ni faida, hasa kwa watoto wadogo na akina mama wajawazito, ambao miili yao hudhurika kwa urahisi. Kama unaweza kununua mboga zenye alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, nunua. Kama huwezi, usimnyime mtoto mboga kwa hofu. Mtoto asiyekula mboga kabisa hupoteza zaidi.

Muulize anayekuuzia: mboga hizi zilinyunyiziwa dawa lini? Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko chake. Mkulima aliyenyunyizia Jumatatu na kuchuma Jumanne amekuuzia dawa pamoja na mboga. Nyanya zenye unga mweupe ni heri uzioshe vizuri na kuzimenya. Sukuma wiki ioshe jani kwa jani kwa maji safi yanayotiririka, kabla ya kuikatakata. Ukiosha baada ya kukata, vitamini nazo huenda na maji. Usitumie sabuni. Majani yenye matobo ya wadudu hayathibitishi kwamba hakukuwa na dawa, ingawa wauzaji wengine hupenda kutuambia hivyo. Na ile iliyokuzwa kwa samadi mbichi au kumwagiliwa maji taka ina vijidudu na mayai ya minyoo, hata kama haijaona dawa maishani mwake. Ioshe, uipike.

Nawakumbusha pia wenye mashamba: mkebe wa dawa ukiisha usiufanye wa kubebea maziwa au maji. Usuuze mara tatu, utoboe, uuweke mbali na watoto. Na baba akitoka kunyunyizia, aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Mama wa Kitengela, nyama hiyo ikiletwa tena, usiipokee. Ukiwa umeishika tayari, osha mikono na kisu kwa sabuni na maji mengi, na umwonyeshe mhudumu wa afya kipele chochote kitakachotokea.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya maziwa mabichi. Kwaheri.