Uzito Si Uaminifu

Leo tuzungumze juu ya televisheni za zamani, zile zenye kisogo kikubwa.

Katika miaka ya 1980, wezi walivunja nyumba yetu usiku tulipokuwa matangani. Walichukua redio, mablanketi na sufuria. Televisheni nayo waliitoa, lakini asubuhi tuliikuta kando ya ua, imelowa umande. Iliwashinda. Majirani walicheka wakasema, "Hiyo inajilinda yenyewe!"

Walisema kweli. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ili isipondwe na hewa ya nje, kioo kilifanywa kinene sana, tena kikachanganywa na madini ya risasi ili kuzuia miale ya eksirei. Televisheni ya inchi 21 iliweza kupita kilo 20, na uzito mwingi ulikuwa upande wa mbele, hata aliyeibeba aliikumbatia asione anapokanyaga. Kampuni ya Sony ilipata kutengeneza moja ya inchi 43 yenye uzito wa karibu kilo 200! Mwizi wa hiyo angehitaji kuita kijiji kizima. Siku hizi televisheni ni bapa. Ya inchi 32 ina kilo 5 hivi, na mtu mmoja huitia kwapani akaenda zake.

Je, wezi wale waliiacha yetu kwa kuwa walitubu? La! Mikono ilichoka tu.

Nasi tusiwacheke upesi. Mwaka uleule tulikabidhiwa fedha za harambee ya kujenga darasa. Zilikuwa noti chache ndani ya bahasha, nyepesi kama jani, wala hakuna aliyezihesabu ila sisi. Siku moja tulitoa shilingi 100, tukisema tutarudisha. Tulirudisha mwisho wa mwezi, lakini siku zote hizo hatukuweza kuwatazama majirani machoni. Noti ile ilitulemea kuliko televisheni.

Ndugu msikilizaji, huenda mara nyingi tumejiita waaminifu kumbe kitu kilikuwa kizito, mlango ulifungwa, au mwenyewe alikuwa macho. Uaminifu hupimwa kwa kitu chepesi. Je, mkononi mwako leo mna kitu chepesi kisicho chako? Kirudishe kabla jua halijatua, ulale usingizi mwema.

Kwaherini.